Nilichagua Baipasi, Nikaamka na Ile Nyingine

Mimi nilichagua upasuaji mmoja, nikaamka nimefanyiwa mwingine. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia kusema, aa, hospitali zetu hizi. Hapana. Daktari hakukosea, na mtu aliyelaumiwa hakukosea pia. Naandika ili wewe uliyeambiwa uchague, ambaye umekaa hapo na karatasi mkononi hujui uanzie wapi, usome kabla hujaingia. Udaktari siujui, kwa hivyo sitakufundisha. Nitakuambia yaliyonipata na mahali nilipoharibu.

Naitwa Hawa. Nimezaliwa Makina, Kibera, kwenye nyumba ya Wanubi, nikaolewa Kawangware upande wa Kongo na fundi wa vitanda anayeitwa Swaleh. Tuna binti mmoja, Mariam, kwa hivyo kwa majirani mimi ni Mama Mariam na yeye ni Baba Mariam, na hata sisi wenyewe tunaitana hivyo. Kazi yangu ni upishi wa harusi. Dada yangu mkubwa, Khadija, ndiye mwenye sufuria na mwenye sauti. Yeye anapanga moto, anagombana na wenye harusi, anafukuza watoto. Mimi ndiye mwenye ulimi. Napita na upawa, sufuria hadi sufuria, naonja. Pilau haishuki mekoni mpaka Hawa aseme ishuke.

Mwili nilikuwa nao tangu nizae, na sikuona shida. Kwetu mwanamke mwenye mwili akipita, watu wanasema kwake wanakula. Baba Mariam mwenyewe alipenda hivyo. Alikuwa anawaambia wateja kwamba kitanda chetu amekiongeza mbao mbili na hajuti. Shida ilikuwa sukari. Mama yetu alikufa nayo. Ilianza na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu, akakatwa kidole, akakatwa chini ya goti, akakatwa juu ya goti, na mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Kwa hivyo siku niliyovua kiatu nikakuta lengelenge kubwa ambalo sikulisikia likitoka, nilijua naangalia nini. Sikulia. Nilikaa nikautazama ule mguu kama ni wa mgeni aliyeusahau hapo.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa ganzi. Mguu ulikuwa na ganzi na mimi nikawa nayo. Nilipika, nikafua, nikaenda kliniki, lakini ukiniuliza nilihisi nini miezi ile, nitakuwa nakudanganya nikikujibu.

Kliniki ilikuwa kwenye hospitali moja kubwa, jina niliache. Daktari, mama mmoja mpole asiyepoteza maneno, aliniambia sindano zangu zimeongezwa mpaka hazina pa kuongezwa. Kisha akasema kuna mpango. Madaktari wao walikuwa wanafundishana upasuaji wa kupunguza uzito, na walikuwa wanachukua wagonjwa wachache wa sukari bila malipo. "Nafasi yako ni moja," alisema. "Ukiiacha, anapewa anayefuata kwenye orodha, na sijui kama nitapata nyingine." Nikasema sawa. Wakati huo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Benchi za kusubiri hapo zilikuwa viti vya plastiki vilivyounganishwa, vyenye mikono. Sisi wa mpango ule vilikuwa havitutoshi. Kulikuwa na benchi moja ya mbao mwisho wa ukumbi, karibu na choo, na hiyo ndiyo iliyokuwa yetu. Hapo ndipo nilipokutana na Achieng, mwalimu wa nasari kutoka Kianda, mwanamke wa kucheka mpaka benchi inatikisika. Siku ya kwanza hakunisalimia hata.

"Wewe ni wa kukata ama wa baipasi?"

"Bado sijajua."

"Mimi ni wa kukata. Baipasi nimeachia magari."

Nilicheka. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa sijacheka muda mrefu na mdomo uliniuma.

Sista wa kliniki ndiye aliyetueleza, akichora nyuma ya kalenda ya zamani. Ya kwanza, alisema, ni puto: unamezeshwa, linajazwa maji humo tumboni, baada ya miezi linatolewa. Kwa sukari ya kiwango changu hilo hakulipendekeza kabisa. Ya pili ndiyo tuliyoiita ya kukata. Sehemu kubwa ya tumbo inakatwa na kutolewa, unabakiwa na kitu chembamba kama ndizi. Njia ya chakula haiguswi. Mbaya wake, mwenye kiungulia kinaweza kumzidi, na mimi kiungulia nilikuwa nacho. Ya tatu ndiyo baipasi. Tumbo linafungwa, kinabaki kifuko cha ukubwa wa yai, halafu utumbo unavutwa juu unaunganishwa hapo, chakula kinapita pembeni bila kuingia mjini. Kwa sukari hiyo ndiyo kali zaidi. Lakini utameza vitamini maisha yako yote, na ukila kitu kitamu sana au chenye mafuta mengi, mwili unakugeuka papo hapo. Jasho, moyo mbio, kizunguzungu, tumbo kuendesha.

"Hata kaimati moja?" nilimuuliza.

"Hata shira yake ukilamba."

Basi ukiona watu wanachagua kwa kuangalia ni ipi inapunguza kilo nyingi, mimi sikuwa huko. Mimi nilikuwa naambiwa nichague kati ya mguu na ulimi. Ile ya kukata ingeniachia kazi yangu. Baipasi ingeniachia mguu, labda, kwa sababu hakuna aliyeniahidi. Nilipewa karatasi ya kuandika chaguo langu, nikakaa nayo wiki sita. Nilikuwa naiweka chini ya kopo la chumvi asubuhi, nikiitoa jioni, hakuna kilichoandikwa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Khadija alikuja Kongo akakaa kitandani kwangu na buibui lake, hata chai hakutaka.

"Mama alikatwa mara tatu tukiangalia," alisema. "Chukua ile kali."

"Na kazi?"

"Kazi tutaona. Ulimi tutatafuta mwingine."

Alisema kwa mapenzi, najua. Lakini ukiambiwa utatafutiwa mwenzako kabla hujaondoka, yataka moyo.

Baba Mariam naye hakutaka yoyote. "Nani amelalamika?" aliniuliza. "Mimi sijalalamika." Nikamwambia sukari ndiyo iliyolalamika. Siku mbili baadaye akaja na neno lake: kama ni lazima, basi iwe ile ya kukata, kwa sababu njia aliyoiweka Mungu inabaki palepale. Wakabishana na Khadija mbele yangu, huyu akisema hivi, yule akisema vile, na mimi nimekaa katikati nikichambua mchele wa wateja. Mariam akawaambia, "Lakini si tumbo ni la mathe?" Wakamnyamazisha wote wawili kwa pamoja.

Mwisho niliamua peke yangu, nikiwa namwagia mguu maji ya vuguvugu. Maji yalikuwa moto kuliko nilivyodhani na sikujua mpaka Mariam alipotia mkono akaruka. Nikaandika baipasi. Nikaenda kwenye kibanda cha kazi cha Baba Mariam, nikamwambia. Alikuwa anapiga randa ubao. Alisema, "Sawa, Mama Mariam," akaendelea kupiga.

Siku ya kutia sahihi daktari alituweka mbele yake sote wawili. Alisoma pole pole. Alipofika chini akasimama. "Tukifika ndani tukute baipasi haiwezekani, kuna mawili. Tufanye ile ya kukata, au tukufunge urudi nyumbani ulivyokuja. Ukirudi, nafasi imeenda. Unataka tufanye lipi?"

Nilikuwa nimechoka. Ningepewa chai nichague sukari au bila, nisingejibu.

"Muulizeni mume wangu," nikasema.

"Una uhakika? Mwili ni wako."

"Nimechoka kuchagua."

Akaandika hivyo. Nikatia sahihi, Baba Mariam akatia yake chini ya yangu. Kama kuna jambo moja ningerudi nyuma nilifute, ni lile. Kwa kuwa sikuweza kulibeba, nilimbebesha yeye, tena mbele ya shahidi.

Halafu zikaja siku kumi na nne. Hizo nisikilize vizuri.

Kabla ya upasuaji wanakunyima chakula wiki mbili. Unakunywa maziwa yaliyotolewa mafuta, supu iliyochujwa mpaka ikawa maji, chai kavu. Sista alieleza kwamba ini la mtu mwenye mwili huwa limejaa mafuta na limelala juu ya tumbo, na usipolipunguza, daktari hapati njia ya kufikia anapotaka. Alinipa daftari la kuandika kila kinachopita mdomoni. Nililiandika kwa heshima. Asubuhi maziwa kikombe. Saa sita supu. Jioni supu. Hakuna siku nilikula chapati, hakuna siku nilikula wali. Njaa ya siku tatu za kwanza ilinifanya niwachukie watu wanaotafuna, hata kwenye runinga.

Sasa, siku hizo zilianguka Mfungo Mosi, baada tu ya Idi. Kwetu Makina huo ndio mwezi wa harusi. Khadija alikuwa na harusi nne.

"Usije," aliniambia kwa simu.

"Nani ataonja?"

Nikamsikia akifukuza watoto motoni.

"Haya njoo. Lakini usile, Hawa. Wallahi nikikuona unakula nakufukuza mbele ya watu."

Nikaenda, na sikula. Na nataka uelewe kwamba nikisema hivyo nilikuwa nasema kweli yangu. Ukikulia kwa wapishi, kuonja si kula. Mwezi wa Ramadhani mpishi anagusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi, anajua chumvi, anatema, na saumu yake iko palepale. Nyanya yetu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa, na kila mwanamke kwenye moshi ule amefundishwa hivyo. Miezi mingine hakuna sababu ya kutema, kwa hivyo tunameza, lakini hesabu inabaki ile ile. Muulize mpishi saa tisa alasiri, yuko motoni tangu alfajiri, kama amekula. Atakuambia hajatia kitu mdomoni, na roho yake nyeupe.

Nilionja pilau, kila sufuria, mara ya chumvi na mara ya kuiva. Nilionja nyama kama imelainika, na nyama huwezi kuijua kwa kipande kimoja. Nilionja shira ya kaimati kwa upawa mpaka ivute. Nilionja biriani, kachumbari, mahamri ya kwanza kutoka kwenye mafuta, maana la kwanza ndilo linalokuambia moto ukoje. Harusi nne. Jioni nilirudi Kongo, nikanywa supu yangu ya maji, nikaandika kwenye daftari: supu. Mariam alikuwa akiniona ananiambia, "Mathe, wewe ni mnoma, mimi nisingetoboa." Khadija aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu siku zote hizo, macho kama polisi, hakuona kosa lolote. Mimi pia sikuliona.

Asubuhi ya upasuaji mvua kubwa ilikuwa imenyesha na barabara yetu ilikuwa tope tupu. Baba Mariam alinishika mkono mpaka mlango wa hospitali. Khadija alitukuta huko na tasbihi yake. Nilivuliwa pete, nikavikwa gauni ambalo halikufunga nyuma, sista akanifunika shuka bila kusema kitu. Hiyo naikumbuka kama wema mkubwa. Kisha nikalala.

Yaliyotokea mlangoni niliyasikia baadaye, kwa kila mmoja wao na namna yake, na hayakutofautiana. Daktari alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni. Akasema ini ni kubwa, limefunika, baipasi hawezi kuifanya salama. Ya kukata anaweza, kwa taabu. Au anifunge. Akamtazama Baba Mariam, kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Khadija alisema kwa sauti, "Mfungeni! Atarudi apate ile nyingine!"

Baba Mariam aliuliza, "Akirudi nyumbani, mguu utamngoja?"

Daktari alisema hawezi kumjibu hilo.

"Kateni," akasema Baba Mariam.

Niliamka koo limekauka na tumbo lina matundu matano yaliyobandikwa. Niliuliza nimefanyiwa ipi. Sista akasema, "Ya kukata, mama." Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Watu hudhani nilipiga kelele. Niliangalia dari, kulikuwa na doa la maji pale juu, nikaliangalia mpaka nikalala tena.

Siku ya pili daktari alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliuliza kama nilifuata chakula. Nikasema nilifuata, nikamwelekeza Mariam atoe daftari. Alilipitia kurasa zote. "Basi kuna maini yasiyosikia," alisema. "Hutokea." Baba Mariam alikuwa amesimama hapo, na nilimwona akilichukua neno lile na kulitia kifuani. Kama ni ini tu lisilosikia, basi labda wangesubiri kidogo lingesikia. Labda Khadija alikuwa na haki.

Mwezi wa kwanza uliishia kwenye kikombe kile kidogo cha plastiki cha dawa ya kikohozi. Maji kikombe kimoja, dakika kadhaa, kingine. Ukiharakisha, maumivu yanakaa katikati ya kifua kama umemeza jiwe. Mwezi wa pili, vitu vilivyosagwa. Nilitapika viazi, nikatapika yai, nikakaa vizuri na uji wa wimbi mwepesi. Baridi ya mwezi wa saba ilinikuta sina mafuta ya kunikinga, nikawa naota moto kwenye jiko la makaa na sweta mbili, mimi niliyekuwa najipepea mwaka mzima. Mwezi wa nane nywele zikaanza kutoka. Zilikuwa zinabaki kwenye leso, kwenye kitana, kwenye sabuni. Ngozi ya mikono ikaning'inia. Pete ikaanguka kwenye beseni la vyombo.

Mtaani mtu akikonda haraka, watu wanaanza kumzika. Mama wa dukani alinishika mkono akaniambia nisikate tamaa, dawa za siku hizi ni nzuri. Sikumwuliza dawa za nini. Achieng, ambaye yeye alifanyiwa ya kukata kama alivyotaka, alinipigia akaniambia kwake Kianda wamemwombea jumuiya nzima. "Wacha waombe," alisema. "Maombi hayana kalori." Huyo mwanamke nampenda sana.

Kiungulia ndicho kilichonitesa. Nikilala tu, kitu chenye uchungu kinapanda mpaka kooni. Baba Mariam alikuja siku moja na vipande viwili vya mbao alivyovichonga, akainua kitanda upande wa kichwa, akajilaza mwenyewe kujaribu, akashuka, akavipunguza kidogo, akajaribu tena. Kwake yeye lile lilikuwa deni. Mimi nilidhani ananipenda tu. Yalikuwa yote mawili.

Sukari ilishuka, na hilo nilishukuru. Kutoka sindano nne kwa siku nikafika moja. Kidonda kilichoachwa na lile lengelenge kilifunga. Lakini ile moja haikuondoka, na kila nikienda Makina Khadija aliuliza.

"Bado unajidunga?"

"Bado."

"Ungekuwa na baipasi ungeshatupa sindano." Halafu, kama Baba Mariam yupo: "Lakini mwenye kutaka ya kukata alipata ya kukata."

Alilisema kwenye harusi. Alilisema kwenye arubaini ya jirani. Baba Mariam akaacha kwenda Makina. Idi Kubwa alisema ana kazi ya mtu, akabaki kibandani peke yake na sahani aliyopelekewa. Alianza kula akiwa amenipa mgongo. Jioni moja aliniuliza, bila kuniangalia, "Ile siku, ningesema wakufunge?"

Nikasema, "Sijui."

Mtu amekuuliza kwa moyo wake wote na wewe unamwambia hujui. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na kitu chochote. Nilimjibu kama mtu anayeulizwa saa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilienda kliniki ya kawaida. Kwenye benchi yetu ya mbao walikuwa wamekaa wageni wapya, wanaojiandaa. Mmoja alikuwa mama muuza maandazi kutoka Soweto East. Sista alikuwa anamfundisha zile wiki mbili, na mimi nasikia tu, sina la kufanya.

"Unapika maandazi," sista akasema. "Unayaonja?"

"Lazima nionje. Mteja atarudisha."

"Ukionja, unameza?"

Yule mama akacheka. "Sasa nitatema mandazi?"

"Basi hiyo ni kula. Ini halijui kama wewe ni mpishi."

Yule mama akacheka tena, na sista naye, na mimi nikahisi masikio yananivuma. Nilianza kuhesabu nikiwa nimekaa pale. Harusi ya kwanza, sufuria tatu za pilau, mbili za biriani. Upawa mmoja, upawa mwingine. Shira. Nyama. Nilipofika harusi ya pili nilikuwa nimeshapita sahani ngapi sijui. Hata kama ungekuwa mwalimu kama Achieng ungeacha. Ile siku ndiyo siku ganzi ilipotoka, na ilipotoka iliuma, nakuambia, kuliko matundu yote matano.

Kwa hivyo wewe uliye mpishi, muuza samaki, mama wa githeri, mwenye kilabu, mlezi anayemalizia uji wa mtoto: daktari akikuuliza umekula nini, mwambie hata kijiko. Usimwambie unachokiita wewe chakula. Mwambie kilichopita kooni. Na kama unahitaji kazi hiyo ili uishi, mwambie hilo pia, akusogezee tarehe. Mimi ningeomba mwezi mmoja tu wangenipa. Baadaye nilimweleza daktari, na ndivyo alivyoniambia.

Ungedhani nilikimbia nyumbani nikamwambia mume wangu. Sikumwambia. Nilinyamaza mvua zote zile, na kiangazi kikaingia nimenyamaza. Niliona haya. Niliogopa. Na nitasema ukweli: ilikuwa rahisi kuwa mtu aliyekosewa kuliko kuwa mtu aliyekosea. Watu walinihurumia. Nilikuwa naikubali huruma yao huku namwona Baba Mariam akiinama kila siku zaidi kidogo.

Halafu Khadija akaja Kongo kunitembelea, Jumapili mchana. Nilikuwa nimejikwaa na kucha ya mguu imepasuka, kitu kidogo, lakini aliiona. Hakunigeukia mimi. Alimgeukia yeye.

"Mguu wa dada yangu ukikatwa, jina lako litakuwa juu yake."

Baba Mariam aliweka kikombe chini, akasema, "Karibu chai, shemeji," akatoka.

Nilimfuata kibandani. Alikuwa amekaa juu ya kitanda ambacho hakijamalizika, mikono kati ya magoti. Sikuketi. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama nilivyokuambia wewe. Harusi nne, upawa, shira, daftari, sista na yule mama wa maandazi. Nikamwambia ini lilikuwa kubwa kwa sababu yangu. Asingechagua vingine. Kama wangenifunga, mguu haungengoja, na nafasi haikurudi kwa yeyote, tuliuliza.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

Akalia. Miaka ishirini na moja tumeoana na sikuwahi kumwona analia, hata alipozika baba yake. Alilia na mabega yote. Nilitaka kumshika, nikaogopa kumshika, nikasimama hapo mpaka alipojifuta kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Mvua gani?"

"Hizi zilizopita."

Akainuka, akachukua randa, akaanza kazi. Siku nane hakunisemesha. Alikuwa anakula nilichopika, anarudisha sahani imeoshwa, analala akiangalia ukuta. Sikumlaumu. Siku zote nane nililia, na sikujificha kulia, na ajabu yake nilikuwa nashukuru kwamba naweza.

Siku ya tisa nilienda kibandani na simu. Nikampigia Khadija, nikaweka spika, nikaiweka juu ya ubao mbele yake. Akaacha kupiga randa.

"Dada," nikasema, "usikate. Zile siku kumi na nne nilikula."

"Hukula. Nilikuwa nimesimama hapo."

"Nilikula, dada. Kila sufuria nilimeza. Ulikuwa umesimama hapo na hukuona, na mimi sikuona. Swaleh alichagua juu ya ini nililoliharibu mimi. Hakukosea. Wewe na mimi ndio tulikosea."

Nikasikia kule Makina mtu anaita watoto, mlango unagongwa. Kisha Khadija akauliza kama Swaleh yuko hapo. Nikasema yuko.

"Mpe simu."

Baba Mariam alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua, akatoa spika. Alisikiliza muda mrefu, akiangalia chini kwenye takataka za mbao. Sikujua anaambiwa nini. Nilimwona tu akifunga macho, akitingisha kichwa, na mwisho nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, ile sauti aliyokuwa ananisemesha nayo zamani:

"Basi, shemeji. Usilie. Yameisha."